UWANJA KWANZA, TIKITI BAADAYE

  Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo ambao ulituacha tukibishana hadi kwenye foleni ya githeri. Hoja ilikuwa kwamba mchezo wa taifa moja hauwezi kupandwa ukaota katika nchi nyingine. Msemaji mmoja alitoa mfano wa kandanda ya Australia, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kandanda gani tena hiyo? Baadaye wengi walikubaliana kwamba wenye mchezo huo wakitaka kuutangaza ughaibuni, wautafutie tu uwanja mkubwa katika jiji lenye pesa, na mambo mengine yatajipa. Mimi sikukubali, na dakika zangu tatu ziliisha kabla sijafika popote. Mtaniambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Sawa, lakini hoja ni hoja, na kalamu haina kengele.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana usiyemjua usimseme. Kandanda ya Australia si soka na si raga. Ilizaliwa mjini Melbourne, na kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859 na wanachama wa klabu ya Melbourne, akiwemo bwana mmoja aliyeitwa Tom Wills. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani. Mpira wake una umbo la yai. Wachezaji huupiga teke, huudaka hewani, na huupitisha kwa mwenzao kwa kuugonga na ngumi, kuurusha hawaruhusiwi. Ukikimbia nao ni lazima uudundishe au uuguse chini angalau mara moja kila mita 15. Kila upande wa goli una milingoti minne, wala hakuna mlingoti wa kulala juu. Mpira ukipigwa teke ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati, hilo ni bao la pointi 6. Ukipita pembeni yake, kabla ya mlingoti wa nje, ni pointi 1. Robo nne, dakika 20 kila moja, na muda wa ziada juu yake. Si mchezo!

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yangu, yaani uwanja. Uwanja wa mchezo huu ni wa duaradufu, umbo lile tunalolichora katika hisabati tukilalamika. Urefu wake ni kati ya mita 135 na 185, na upana kati ya mita 110 na 155. Hebu linganisheni na uwanja wa soka wa kimataifa ambao kwa kawaida ni mita 105 kwa 68. Nimepiga hesabu: uwanja wa Australia wa mita 165 kwa 135 una eneo la zaidi ya mita mraba 17,000, na ule wa soka una 7,140. Yaani unaingia zaidi ya mara mbili na bado nafasi inabaki. Raga haizidi mita 70 za upana. Kandanda ya Marekani ndiyo imebanwa kabisa, haifiki hata mita 50.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliniuliza, "Kwani Kasarani hakutoshi?" Swali zuri, tulijibu kwa rula. Njia ya kawaida ya riadha ya mita 400 ina nafasi ya ndani yenye urefu wa mita 157 hivi na upana wa mita 73. Urefu unatosha. Upana je? Hata ukifunika njia zote nane za wakimbiaji kwa nyasi, kila moja ikiwa na mita 1.22, pande zote mbili utapata mita 92 na nusu. Bado hujafika 110. Kwa hiyo viwanja vingi vya kitaifa duniani, hivyo vyenye viti elfu sitini na taa za kumulika, havifai. Ukubwa wa jukwaa si ukubwa wa uwanja. Kizuri chajiuza, lakini si kila kizuri kinamfaa kila mnunuzi.

Basi ni uwanja gani unaofaa? Jibu linajulikana tangu zamani: uwanja wa kriketi. Na hii si bahati nasibu. Wale waanzilishi wa Melbourne walikuwa watu wa kriketi waliotaka mchezo wa majira ya baridi. Hapo mwanzo walicheza katika bustani ya wazi iliyokuwa na miti, kwa sababu wenye kriketi waliogopa nyasi zao kuharibiwa. Baadaye mlango ulifunguliwa, na leo ule Uwanja wa Kriketi wa Melbourne hupokea watu wapatao laki moja siku ya fainali ya ligi yao, inayoitwa AFL kwa kifupi. Kwa hivyo hata nyumbani kwao mchezo huu ulianza kwa kuomba uwanja wa jirani. Mwenye kuomba huchagua maneno, lakini pia huchagua mlango wa kubisha.

Tuangalie sasa walivyobisha milango ya ughaibuni. Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa Australia walicheza mechi ya maonyesho jijini London. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980, klabu zao kubwa zilianza kusafiri baada ya msimu. Mwaka 1986 walicheza Yokohama, Japani, katika uwanja wa besiboli. Mwaka 1987 waliingia Vancouver katika uwanja wa BC Place uliojengwa kwa ajili ya kandanda ya Kanada. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, klabu za Carlton na North Melbourne zilikutana Kennington Oval, London. Huo ni uwanja wa kriketi wa kweli, mpana wa kutosha, ambako fainali ya kwanza ya Kombe la FA ya Uingereza ilichezwa mwaka 1872. Umbo lilikuwa sawa, lakini wachezaji wakaamua kuzichapa ngumi mbele ya wageni! Uwanja mzuri hautibu utovu wa nidhamu. Hilo ni somo la bure kwa timu zetu za mabweni.

Hizo zote zilikuwa mechi za maonyesho, zisizo na pointi za ligi. Mechi ya kwanza ya ligi yenyewe kuchezwa nje ya Australia ilikuwa tarehe 25 Aprili 2013, mjini Wellington, New Zealand, kati ya St Kilda na Sydney Swans. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ni siku ambayo nchi hizo mbili huwakumbuka askari wao walioteremka Gallipoli mwaka 1915. Uwanja wenyewe ni wa mviringo, uliojengwa kwa raga na kriketi pamoja. Watu zaidi ya elfu ishirini walihudhuria. St Kilda ilirudi huko mwaka 2014 na 2015, ikashindwa mara zote tatu, na baada ya hapo safari zikakoma.

Kisha ikaja Shanghai. Mwaka 2017 Port Adelaide na Gold Coast zilicheza mechi ya ligi katika uwanja wa Jiangwan, uliojengwa miaka ya 1930. Port Adelaide ikashinda kwa tofauti ya pointi 72. Zilirudi mwaka 2018, na mwaka 2019 ikawa zamu ya Port Adelaide na St Kilda. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukafunga milango, na safari ile ikaishia hapo.

Sasa mimi nauliza: baada ya ndege kupaa, palibaki nini? Sidharau juhudi. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini mechi moja kwa mwaka, katika jiji la mamilioni ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuushika mpira huo, ni kama mvua ya siku moja juu ya mwamba. Biashara ilipata picha zake, wageni waheshimiwa walipata chakula chao, na mashabiki wa nyumbani wakanyimwa mechi moja ya kuangalia kwao. Mtoto wa jirani na uwanja je? Kesho yake atacheza wapi?

Kwa maoni yangu, kabla ya kuuza hata tikiti moja, yafaa maswali matatu yaulizwe kwa mpangilio huu.

La kwanza ni la umbo. Je, uwanja una upana wa kweli? Wapo wanaosema, "Kama ni mwembamba, punguzeni wachezaji." Kwa mazoezi na kwa watoto nakubali kabisa, na nitalirudia jambo hilo. Lakini mechi ya pointi za ligi ni jambo jingine. Mchezo huu uhai wake ni nafasi: teke refu la mita 50, mkimbiaji anayezunguka pembeni, mdakaji anayeruka juu ya mabega ya mwenzake. Ukiubana katika mita 60 unapata msongamano kama wa stendi ya matatu siku ya kufunga shule. Mgeni anayeuona kwa mara ya kwanza ataondoka akidhani ni vurugu tu. Umemwonyesha ngozi ya chui, ukamwambia huyu ndiye chui.

La pili ni la majira. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ligi ya Australia huanza mwezi wa Machi na kumalizika mwishoni mwa Septemba. Uingereza ina viwanja vingi vya kriketi, naam, lakini miezi hiyohiyo ndiyo msimu wao wa kriketi! Ndiyo maana timu za Australia zilizoea kwenda London Oktoba au Novemba, baada ya msimu, kwa mechi za maonyesho tu. Ghuba ya Uarabuni ina pesa na viwanja, lakini Julai jua la huko si la kukimbia robo nne. Walipokwenda huko kwa mechi ya kombe la maandalizi, Collingwood na Adelaide, ilikuwa Februari 2008. Na angalieni walivyokuwa werevu: walicheza Ghantoot, kati ya Dubai na Abu Dhabi, katika uwanja wa polo. Uwanja kamili wa polo una urefu wa mita 270 na ushei na upana wa mita 140 na ushei. Nafasi tele! Tatizo la umbo walilitatua kwa kutazama pembeni badala ya kutazama juu majukwaani.

Ndani ya majira kuna pia suala la mtunza uwanja. Katikati ya uwanja wa kriketi pana kipande kigumu cha udongo, urefu wake mita 20 hivi, ambacho mtunzaji hukilinda kama mboni ya jicho. Njumu za watu 36 zikipita hapo kabla ya mechi yake ya kriketi, atalia machozi. Melbourne siku hizi hutumia vipande vinavyopandwa nje, vikaletwa na kutolewa kwa mashine. Si kila nchi ina uwezo huo. Kwa hivyo uwanja wa kuomba ni ule ambao kriketi yake imelala wakati wa kandanda.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni la jirani. Je, kuna watoto karibu na uwanja huo ambao tayari wanaucheza mchezo au wanaweza kuendelea kuucheza wageni wakiondoka? Mwenye shamba hapandi mbegu barabarani.

Ukichuja dunia kwa maswali hayo matatu, naona nchi moja inabaki mbele ya zote: Afrika Kusini. Ina viwanja vya kriketi vya hali ya juu kama Newlands, Wanderers na Centurion. Iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo majira yake ya baridi ni sawa na ya Australia, na kriketi hulala wakati kandanda inapoamka. Mchezo huu umefundishwa kwa watoto huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na nchi hiyo imewahi kupeleka timu ya taifa Melbourne kushindana na mataifa mengine. Hata saa zinakubali: mechi ikianza saa sita mchana Johannesburg, Melbourne ni saa mbili usiku, familia ziko mezani. Mwaka 2008 Carlton na Fremantle zilicheza Centurion mechi ya maonyesho. Njia basi imeshafyekwa, imebaki kuipita. Mechi moja ya ligi huko kila mwaka, uwanja uleule, kwa miaka kumi mfululizo, ingefanya kazi kuliko majiji matano ya kujaribujaribu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe kimoja.

Najua nitajibiwa: "Na pesa je? Ndege, hoteli, matangazo, nani atalipa? China ina soko, Marekani ina soko." Hoja hii ni nzito, siwezi kuipuuza. Ligi si kanisa, ina madeni na mishahara. Lakini soko hununua kitu linachokielewa. Huko Nauru, kisiwa cha kilomita mraba 21 tu katika Bahari ya Pasifiki, kandanda ya Australia ndio mchezo wa taifa. Uwanja wao maarufu wa Linkbelt haukuvuma kwa nyasi, ulivuma kwa vumbi la fosfeti! Hakuna viti vya kifahari wala skrini kubwa. Hata hivyo mchezo umekaa pale miaka na miaka kwa sababu uwanja uko miongoni mwa watu. Papua New Guinea nayo imewafunga mataifa mengi na kutwaa kombe la kimataifa la mchezo huo zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2017. Jijini pesa hutangulia mchezo, na zikiisha mchezo huondoka nazo. Kijijini mchezo hutangulia, pesa zikifika zinaukuta umekaa.

Nilisema nitarudi kwa watoto. Hapa sina haja ya mita 135 wala 110. Huko Ulaya, tangu mwaka 2005, nchi mbalimbali hukutana kwa kombe la wachezaji tisa kila upande, na uwanja wa kawaida wa soka au raga unatosha. Huo ndio upunguzaji ninaoukubali, kwa sababu haudanganyi mtu. Mtoto anajua anajifunza alifu, na siku moja atasoma kitabu kizima. Ligi ikitaka kutumia pesa ughaibuni, isinunue usiku mmoja wa taa. Inunue mipira, imlipe mkufunzi wa mahali pale, isimamishe milingoti minne kila upande wa uwanja wa shule. Kutoka mlingoti wa nje hadi wa nje ni mita 19.2. Hata fundi wetu wa hapa shuleni angezisimika kwa siku moja, kwa mianzi.

Mtauliza, yote haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Mwaka 1994, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa hapa Kenya, alizaliwa mtoto wa wazazi kutoka Sudan Kusini aliyeitwa Aliir Aliir. Familia yake ilihamia Australia akiwa bado mtoto, na huko ndiko alikokutana na mpira wa umbo la yai. Akachezea Sydney Swans, kisha Port Adelaide, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima. Nairobi nayo haikosi uwanja: Nairobi Gymkhana iliipokea timu ya kriketi ya Australia yenyewe mwaka 2000, ilipocheza na India. Sisemi AFL ilete mechi yake ya ligi Nairobi kesho. La hasha! Kwa kipimo changu mwenyewe, swali la tatu lingetuangusha, maana sidhani hapa kuna watoto wanaoucheza. Ninachosema ni kwamba kipaji kilikuwa Kakuma tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mpira na mahali pa kuupigia. Ni vipaji vingapi vingine vilivyobaki kwenye vumbi la Turkana, au Soweto, au viunga vya Colombo, wakati mamilioni yanatumika kuwafurahisha watu usiku mmoja katika jiji ambalo halikuuliza?

Na wakati tunawakosoa Waaustralia, tutazame ua letu pia. Mchezo unaohitaji nafasi pana ndio wa kwanza kufa pale nafasi inapoliwa. Kila kiwanja cha wazi kinachozungushiwa mabati mjini, kila kona ya uwanja wa shule inayogeuzwa maegesho, inafuta mchezo ambao pengine hatujaujua bado. Majumba hujengwa popote, hata juu. Uwanja hauna ghorofa.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wenye ligi, ikiwa jarida letu litapata bahati ya kuwafikia, ni huu: tafuteni umbo, tafuteni majira, tafuteni jirani, kisha rudini mahali palepale mpaka watoto wa hapo wawashinde. Siku watakapowashinda ndipo mtajua mmepanda. Mwenye hoja kinyume na yangu aje nayo katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa heshima.

Wasalaam.